Kuchagua Upanga wa Mazoezi: Mpangilio kwa Jinsi Unavyochakaa na Unavyovunjika

Mtu anayeanza kujifunza upanga wa kihistoria wa Ulaya, hasa ule mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili, kwa kawaida huuliza kwanza kuhusu uzito, urefu na sura. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi, kwa sababu upanga wa mazoezi ni kifaa kinachotumika hadi kiishe. Hugongana na mwenzake tangu mazoezi yaanze hadi yaishe, hupinda kila unapofikia kifua cha mtu, na siku moja utachakaa kiasi cha kutofaa au utakatika. Kwa hiyo swali ninalolitanguliza ni hili: siku hiyo ikifika, upanga huu utaishaje? Je, utakuwa umetoa dalili mapema ambazo jicho linaweza kuziona, au utakatika ghafla mbele ya uso wa mtu? Mpangilio ufuatao umefuata swali hilo, na ndiyo sababu baadhi ya vitu vinavyouzwa sana vimewekwa mwisho.

Kabla ya upanga wowote, nunua barakoa ya wavu wa chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo wa upanga. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia ya mchezo wa vitara mjini Roma, upanga wa Matthias Behr wa Ujerumani Magharibi ulivunjika katikati ya pambano, na kipande kilichobaki mkononi mwake kikapenya barakoa ya Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovieti, aliyefariki siku chache baadaye. Smirnov alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1980. Wote wawili walikuwa mahiri, na hakuna aliyekuwa amefanya jambo la kizembe. Baada ya ajali ile, viwango vya barakoa, mavazi na chuma cha panga za mchezo huo vilipandishwa. Ukisoma leo niutoni 350, 800 au 1600 kwenye lebo ya koti au barakoa, elewa kwamba namba hizo hupima jinsi kitambaa kinavyozuia kutobolewa. Hazisemi lolote kuhusu uzito wa pigo, na upanga wa mikono miwili hupiga kwa nguvu kuliko upanga mwembamba wa Olimpiki. Isitoshe, barakoa ya kawaida huacha kisogo wazi, kwa hiyo inahitaji kifuniko cha ziada chenye ganda gumu.

Nafasi ya kwanza: federi ya chuma cha springi

Federi ni upanga wa mazoezi wenye bapa (sehemu ndefu ya chuma inayotoka mpinini hadi nchani) jembamba, makali butu, ncha iliyopanuliwa au kukunjwa, na sehemu pana karibu na mpini inayosaidia kukinga mkono. Si uvumbuzi wa juzi: mwalimu Joachim Meyer, aliyechapisha mafunzo yake Strasbourg mwaka 1570, anawaonyesha wanafunzi wakiwa na panga za sura hii hii. Federi ya kisasa huwa na urefu wa sentimita 125 hadi 135 na uzito wa kilo 1.3 hadi 1.6. Hutengenezwa kwa chuma cha springi, kama vile 51CrV4, 5160 au EN45, kilichochomwa na kupozwa hadi kikafikia ugumu wa takribani 50 kwa kipimo cha Rockwell. Kikiwa kigumu kupita kiasi, upanga hukatika kama kioo. Kikiwa laini mno, hubaki umepinda na makali yake huliwa haraka. Muuzaji asiyeweza kukuambia ni chuma gani na kina ugumu gani hajui anachokuuzia, au hataki ujue.

Ninaipa federi nafasi ya kwanza kwa sababu mbili. Bapa lake hupinda unapochoma, na hivyo mbavu za mwenzio hazibebi nguvu yote. Pili, kwa kawaida huonyesha uchovu wake kabla ya kukatika, mradi mwenye nao awe na desturi ya kuutazama.

Kuutazama huko kunafanyika hivi. Baada ya mazoezi, futa upanga, kisha pitisha pamba au kitambaa laini taratibu juu ya makali yote mawili. Kila mahali nyuzi za pamba zinaponaswa pana mwiba wa chuma ulioinuliwa na mgongano, na mwiba huo huchana glavu, koti na ngozi. Uondoe kwa tupa, kisha malizia kwa msasa. Lakini mwiba ni jambo dogo. Kubwa ni pengo lililo chini yake. Pengo lenye umbo la herufi V hukusanya mkazo wote wa bapa kwenye nukta moja, na kila upanga unapopinda, ufa mdogo huanza pale na kusogea ndani kidogo kidogo. Dawa yake ni kulipanua pengo kwa tupa ya duara hadi liwe bonde pana lisilo na kona, ukifuata urefu wa upanga. Unapoteza chuma kidogo na kuurefushia upanga maisha. Pengo lililoingia milimita kadhaa, hasa likiwa kwenye theluthi ya mwisho kuelekea ncha, halitibiki. Upanga huo usiingie tena kwenye pambano huru.

Theluthi hiyo ya mwisho ndipo federi nyingi hukatikia, kwa kuwa ndipo zinapopinda zaidi. Ukiokota kipande kilichovunjika na kukitazama uso wake kwenye mwanga, mara nyingi utaona sehemu mbili: ukingoni pana doa jeusi au la rangi ya kutu, na sehemu iliyobaki inang'aa kijivu kama chuma kipya. Doa lile ni ufa wa zamani uliokwisha kuingia hewa na jasho kabla ya siku ya kuvunjika. Maana yake ni kwamba dalili ilikuwapo, ila hapakuwa na aliyeitafuta.

Mahali pa pili pa kuvunjika ni kwenye mabega ya upanga, pale bapa linapogeuka kuwa msuka unaoingia ndani ya mpini. Hapa ni pabaya zaidi, kwa sababu hapaonekani, na kinachoruka ni bapa zima. Mtengenezaji makini huacha mkunjo wa mviringo kwenye mabega hayo. Mtengenezaji mzembe huacha kona kali ya nyuzi 90. Kwa kuwa huwezi kufungua kila mpini dukani, muulize fundi swali hilo waziwazi, tena uombe picha ya msuka usiovishwa mpini. Mapendeleo yangu ni upanga ambao kirungu cha mpini (kile kitufe kizito cha mwisho wa mpini) kimefungwa kwa nati, kuliko ule ambao mwisho wa msuka umepondwa na kuwa riveti, yaani kifungo kisichofunguka. Wa nati hulegea na hudai kukazwa mara kwa mara, lakini unaweza kuufungua, kuukagua msuka, kufuta kutu, na kubadilisha bapa pekee likiisha.

Vigezo vingine vya kununulia ni vichache. Makali yawe na unene usiopungua milimita 1.5, na 2 ni bora zaidi. Ncha iwe imepanuliwa au kukunjwa kutoka kwenye chuma chenyewe. Vifuniko vya mpira au ngozi juu ya ncha nyembamba huchomoka, na vikikaa muda mrefu huficha nyufa na kutunza unyevu. Kwa kupima mpindo, weka ncha juu ya mzani wa kupimia uzito wa mwili, simamisha upanga wima, kisha kandamiza polepole hadi bapa lianze kupinda. Kama mzani umepita kilo 15 na upanga bado umesimama kidete, mimi singeuruhusu kwenye pambano huru lenye kuchoma. Angalia pia mpindo wenyewe: uwe upinde laini unaoanzia nusu ya mbele ya bapa. Upanga unaopinda kwa kona mahali pamoja tayari umeonyesha utakapokatikia.

Nafasi ya pili: upanga wa nailoni

Huu ndio upanga wa wengi mwanzoni, na unastahili heshima kuliko unavyopewa. Ni mwepesi kuliko chuma, haushiki kutu, na darasa la wageni likiwa na panga za nailoni linaweza kufanya mazoezi ya wawili wawili kwa mavazi machache kuliko yanayohitajiwa na chuma. Kuchakaa kwake ni kwa polepole: makali hutoa manyoya ya plastiki yanayokwaruza ngozi, na kisu kikali au msasa huyaondoa.

Kasoro zake zinatokana na wepesi huohuo. Panga za nailoni hurukana zinapogongana badala ya kushikana, na hivyo mwanafunzi hakosi kujifunza vibaya kazi ya kusukumana bapa kwa bapa. Nyingine hulegea zinapochoma na kukunjika pembeni, nyingine ni ngumu mno na huacha michubuko mizito, ilhali watu hudhani plastiki haiumizi. Vidole vinavunjika kwa nailoni pia. Glavu nyembamba za ngozi hazitoshi kwa pambano huru, hata kama panga zote ukumbini ni za plastiki.

Tofautisha nailoni na polipropilini, ambayo hutumika kwenye panga za bei nafuu zaidi. Polipropilini hudhoofishwa na jua, na kwenye baridi kali huwa tete. Ikiachwa kwenye gari au dirishani kwa miezi, tafuta mistari myeupe karibu na mpini. Mistari hiyo ni mwanzo wa ufa.

Kuna kanuni moja inayovuka nafasi zote: usichanganye malighafi. Upanga wa chuma ukikutana na wa nailoni au wa mbao, unaoumia ni ule laini, na mapengo unayopata hayatengenezeki.

Nafasi ya tatu: upanga butu wa bapa pana

Hawa ni ndugu wa karibu wa panga halisi za karne ya 14 na 15, wenye bapa pana, kikingio (chuma cha kukinga mkono kati ya mpini na bapa) cha kawaida na makali yaliyoachwa butu. Kwa kuhisi jinsi upanga halisi ulivyosawazishwa, hakuna kinachoushinda, na kwa mazoezi ya taratibu ya wawili wawili ninaupenda sana. Umeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu mara nyingi haupindi vya kutosha unapochoma, na uzito wake uko mbele zaidi, kwa hiyo pigo lake kwenye kichwa au mkono ni zito. Ununue kama upanga wa pili, ukiwa tayari una mkono unaojizuia. Utunzaji wake ni ule ule wa federi.

Nafasi ya nne: mbao

Upanga wa mbao ni rafiki wa mazoezi ya peke yako. Kwa pambano huru haufai kabisa: haupindi, na kuchoma kwake ni sawa na kuchomwa kwa fimbo. Chagua mbao ngumu zenye nyuzi ndefu zilizonyooka, kama hikori, na uhakikishe nyuzi zinakwenda kutoka kirunguni hadi nchani bila kukatiza ukingo. Nyuzi zikitoka nje ya ukingo kwa mshazari, upanga utapasuka kwa kufuata mstari huo na kuacha kibanzi kirefu chenye ncha kama mkuki. Upanga uliopasuka usifungwe kwa utepe wala gundi ili urudi kazini. Paka mafuta ya kitani mara kwa mara, na uulaze mahali pakavu pasipo joto kali.

Mwanzi, henzirani na sponji

Shinai, upanga wa mazoezi wa kendo (mchezo wa upanga wa Kijapani) ulioundwa kwa vipande vinne vya mwanzi, ni kifaa bora ndani ya kendo, ambako watu hufundishwa kuikagua kila siku kwa sababu kibanzi cha mwanzi huweza kupita kati ya vyuma vya kofia na kuingia jichoni. Kuihamishia kwenye upanga mrefu wa Ulaya ni kuichosha kwa kazi isiyo yake. Henzirani hainyambuki kwa vibanzi vikali, huchanua tu kama ufagio, lakini fimbo nene ya henzirani hupiga kwa uzito na hudai mavazi ya chuma. Panga za sponji zenye kiini cha nyuzi za kioo zinafaa kwa kupiga, si kwa kuchoma, kwani kiini kinaweza kutoboa sponji ya ncha bila mtu kugundua.

Usinunue kabisa: upanga wa mapambo

Upanga wa ukutani unaong'aa, wa chuma kisichoshika kutu, ndio hatari kuliko vyote. Kwa urefu ule, chuma hicho kwa kawaida ni tete, na msuka wake mara nyingi ni ufito mwembamba uliochomelewa kwenye bapa. Hukatika pale pale kwenye kiungo, hata kwa kuupunga hewani, na bapa huruka ukumbini. Kuufanya butu hakubadilishi lolote.

Ukinunua federi iliyotumika

Mwombe mwenye nayo akupe picha za makali yote mawili kwa karibu, ya ncha, na ya upanga mzima ukiwa umetazamwa kutoka mpinini kuelekea nchani. Mpindo mpole wa bapa zima si tatizo. Hunyooshwa kwa mikono polepole. Mpindo wa kona uliokwisha kunyooshwa mara kadhaa ni chuma kilichochoka. Ukiupata mkononi, gonga upande mpana kwa kifundo cha kidole: mlio uwe mrefu na safi. Mlio mfupi wenye mtetemo wa kukereza unaweza kuwa mpini uliolegea tu, kwa hiyo kaza nati kisha ugonge tena. Ukibaki vilevile, tafuta ufa. Na kama unauziwa upanga uliowahi kuvunjika ukachomelewa, ukatae kwa bei yoyote ile, kwa maana joto la kuchomelea limekwisha kuharibu ugumu wa chuma pande zote mbili za kiungo. Mpini wake, kikingio na kirungu bado vinaweza kununuliwa peke yake na kuvishwa bapa jipya la mtengenezaji yule yule.