TAHADHARI: Ukiambiwa evaporeta imetoboka na AC bado inapoza, ondoka na gari lako

Laki sita na themanini imekwenda. Nimengoja siku mbili hasira ishuke ndipo niandike, haijashuka, basi naandika nayo hivyo hivyo. Kwa asiyejua, evaporeta ni kile kipande cha AC nyuma ya dashibodi kinachopoza hewa inayoingia ndani.

Gari ni Toyota IST ya dada. Maji miguuni kwa abiria, mbele kushoto, yalianza kwenye safari ya Tanga. Fundi alisifiwa na watu watatu tunaowaamini. Jina silitaji hapa, waliomsifia wanajijua.

Sikilizeni changa la macho lilivyopigwa. Gari liliingia gereji AC inapoza vizuri kabisa, vioo vinashika ukungu kwa nje. Jamaa akafungua boneti, akashika ile mipira miwili ya hita (inayopitisha maji ya moto ya injini kupasha hewa ya ndani) inayopenya ukuta wa bati kati ya injini na ndani ya gari, mmoja baada ya mwingine, akasema yote ya moto, kwa hiyo maji yanazunguka. Ndivyo inavyopimwa kweli, hakukosea. Akachomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kisha akaniambia nikae kwenye usukani, nishikilie resi, na macho yangu yasitoke kwenye taa ya joto, nimwambie ikiwaka tu. Yeye akazunguka upande wa abiria, akapiga magoti, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni, kitambaa cheupe mkononi. Hata dakika haikuisha. Kitambaa kikatoka kimelowa kijani. Akanipa ninuse: harufu ile tamu ya kulanti, yale maji ya kupozea injini, na utelezi wake vidoleni. "Bosi, evaporeta imetoboka, na rejeta ndogo ya hita nayo imekwisha. Zinakaa boksi moja. Hapa ni kushusha dashibodi yote." Nikatikisa kichwa kukubali. Dada aliponitazama nikamwambia ni kweli.

Kulanti ya gari lile ni ya pinki. Niliitia mwenyewe. Kitambaa cha kijani nikakishika, nikakinusa, nikamrudishia mwenyewe mkononi.

Nilimwamini kwa sababu kila alichosema kilikuwa na kipande cha ukweli. Ni kweli evaporeta na rejeta ya hita zinakaa boksi moja nyuma ya dashibodi. Ni kweli rejeta ya hita ikitoboka kulanti hutiririkia miguuni kwa abiria. Ni kweli kuifikia ni kazi ya siku nzima. Alivaa ovaroli safi, ana risiti za kitabu zenye mhuri, alitoa terminali ya hasi ya betri na kusubiri kabla ya kugusa soketi za njano za eabegi (mifuko ya hewa inayofunguka kwenye ajali), jambo ambalo mafundi wengi wa vichochoroni hawalijui. Mtu anayesubiri zile sekunde 90 ili umeme wa eabegi uishe unamwona ni fundi. Na ni fundi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba anaijua kazi na anaitumia kuiba.

Siku ya tatu baada ya kulichukua gari, kapeti limelowa tena. Pale pale.

Sasa uongo wenyewe ulivyo. Evaporeta ndani yake haina maji. Ina gesi, R134a kwa magari mengi ya rika lile, na gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikipata tundu inatoka kama hewa na kupotea, inaacha alama ya mafuta kidogo tu. Haiwezi kulowesha kapeti. Evaporeta iliyotoboka utaijua kwa jambo moja: AC inaacha kupoza. Sasa AC inapoza, evaporeta imetobokaje? Nilikuwa nalijua hili tangu zamani na halikunijia kichwani kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeshafika puani.

Maji yale yanatoka wapi basi? Hewa ya Dar imejaa unyevu. Ikipita kwenye evaporeta ya baridi, ule unyevu unageuka matone, yanadondokea kwenye trei ya plastiki chini ya boksi, kisha yanatoka kwa mpira mfupi unaopenya ule ukuta wa bati na kumwaga chini ya gari. Lile dimbwi dogo unaloliona chini ya gari lililosimama na AC ni hilo. Mpira ni mwembamba. Vumbi, vipande vya majani vilivyoingia kwenye matundu ya hewa chini ya wipa, tope la nyigu, vyote hivyo vinauziba, hasa gari likiwa halina filta ya AC au filta ilitolewa haikurudishwa. Ukiziba, trei inafurika, na ukikata kona au kushika breki maji yanamwagika kwa mkupuo miguuni mwa abiria. Fundi wa pili alilala chini ya gari, akaubinya mpira, akapitisha mrija laini wa plastiki, yakatoka maji meusi na tope. Dakika kumi. Alikataa hata kutaja bei, akapewa elfu tano.

Yule wa kwanza alishusha dashibodi nzima na mpira hakuugusa. Evaporeta ya dada, nzima, ya asili, imebaki kwake, na bila shaka imeshapata mteja. Iliyofungwa ni ya mtumba yenye mapezi yaliyolala. Rejeta ya hita "ya zamani" aliyotuonyesha imejaa kutu ya kijani ya shaba, na hapo sasa ndipo nilipotakiwa kuamka: ya gari lile ni ya aluminiamu, aluminiamu haifanyi kutu ya kijani. Gesi aliiachia hewani kwa kulegeza nati, ikapiga mluzi gereji nzima, halafu akajaza kwa kukisia. Kazi ile ikifanywa kihalali, gesi inavutwa kwa mashine, oringi, zile pete za mpira kwenye maungio, zinawekwa mpya, mfumo unavutwa hewa kwa vakyumu nusu saa au zaidi, kisha gesi inapimwa kwa gramu kufuata stika iliyo chini ya boneti. Hakuna hata kimoja. Dashibodi sasa inagonga kwenye kila tuta, klipu nne hazipo, na taa ya eabegi imewaka na haizimi. Taa ile ikiwaka maana yake eabegi huenda zisifunguke siku ya ajali. Dada anabeba watoto kwenye gari hilo! Mtu huyu anastahili kushtakiwa kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, anyang'anywe eneo, arudishe kila shilingi na evaporeta ya watu. Sitaki anipigie kuniomba tuyamalize.

Kwa mwenye maji ndani ya gari leo, kabla hujampa mtu funguo. Lowesha karatasi nyeupe ya chooni kwenye kapeti wewe mwenyewe. Isipokuwa na rangi, isipoteleza, isiponuka, hayo ni maji, siyo kulanti. Yanayokuja ukiwasha AC tu ni mpira wa trei. Yanayokuja asubuhi baada ya mvua bila AC kuguswa ni mvua: tazama majani yaliyoziba njia za maji chini ya wipa, mpira wa kioo cha mbele, na lile karatasi la nailoni nyuma ya ubao wa mlango, ambalo mafundi wa madirisha hulichana na kulitupa. Ikiwa na rangi na utamu wa harufu, na kioo cha mbele kinapata utando wa mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu, hapo ni hita kweli. Upande wa dereva, ukikuta majimaji ya manjano yanayoteleza yanashuka na fimbo ya pedali ya klachi au breki, usiendeshe. Ni masta silinda, pampu ya mafuta ya breki au klachi, inavuja.

Kupima mpira wa trei: simamisha gari pakavu, AC kwenye baridi ya mwisho, dakika 20, chungulia chini upande wa abiria karibu na ukuta wa injini. Kwa joto letu la pwani lazima pawe na matone. Pakiwa pakavu, umeziba. Usichokonoe kwa msumari wala spoku, utatoboa evaporeta kweli. Na upepo wa kompresa uwe mdogo, mkubwa unachomoa mpira kwa ndani. Ukimaliza nyanyua kapeti, sponji iliyo chini yake ndiyo inayobeba maji, na bila kuanikwa juani inaoza na kutia kutu soketi za nyaya zinazopita sakafuni.

Anayeshuku hita achore alama kwenye chupa ya akiba ya kulanti injini ikiwa imepoa, atazame siku mbili kama inashuka. Au afungiwe pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, injini ya baridi, presha ipandishwe hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, isizidi, na mshale uachwe robo saa: ukishuka, kuna panapovuja. Njia rahisi kuliko zote: unganisha ile mipira miwili ya hita kwa kipande cha bomba na klempu mbili, hita ikae pembeni. Uvujaji ukikoma, umejua. Wa Dar anaweza kukaa hivyo hivyo, wa Njombe atahitaji hita yake.

Dalili za huyu jamaa, kwa ufupi: anakupa kazi ya kufanya mbali na anapoangalia yeye. Kitambaa ni chake na kiko mfukoni tayari. Hataki karatasi yako. Hapimi presha. Spea ya zamani anakuonyesha, hakupi. Kuna mengine nitaongeza nikikumbuka.

Wengine wawili wameshaniambia walishushiwa dashibodi gereji hiyo hiyo mwaka huu, kwa maneno hayo hayo ya evaporeta. Kama na wewe uliambiwa hivyo, na risiti yake ya mhuri unayo, usiitupe, nitafute. Jumatatu tunakwenda polisi na tunataka twende wengi.