Apu ya kupima umbali na masaa ya ndege: nyota 3, na bi mkubwa bado kaninunia

Hii apu ninayo kwenye simu kama mwezi hivi, ile unaandika mji wa kwanza na wa pili inakuletea kilomita na masaa ya ndege. Haili bando na haikuombi namba ya simu, ila matangazo ya kubeti yanaruka kila ukigusa, inaudhi kweli.

Niliishusha kwa sababu ya bi mkubwa, alikua anakwenda London kwa dada, safari yake ya kwanza ya ndege. Nikaandika Dar es Salaam na London, ikasema kama kilomita 7,500, masaa tisa na nusu. Mie nikamwambia mama masaa tisa tu, ukishalala ukiamka umefika. Akapanga na sala zake kwa hesabu hiyo hiyo.

Sasa jamani, ile apu inapima mstari ulionyooka angani, inagawa kwa spidi ya ndege, kama kilomita 830 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua basi. Lakini ndege ya moja kwa moja Dar London haipo, ile ya Waingereza iliacha kuja tangu 2013. Mama kapitia Doha, Dar mpaka Doha masaa sita hivi, Doha mpaka London saba, na ukijumlisha vipande viwili unapata kama kilomita 9,000, yaani kona ile peke yake imeongeza 1,500, na kule Doha kakaa masaa matatu kwenye kiti akiwa na kapu lake mapajani hataki hata kwenda msalani asije akaachwa.

Na hapo sijahesabu kutoka Tanga! Apu inasema Tanga Dar kilomita 190 na kitu, kweli, kama wewe ni kunguru unapita juu ya Pangani na Saadani. Basi linazunguka Segera, Chalinze, inakua kama 350. Mama katoka stendi ya Kange hapa Tanga saa 12 asubuhi, stendi ya Mbezi Dar saa 6 mchana, ndege saa 11 jioni. Saa 5 usiku simu inaita, yuko Doha. "We mwanangu, tisa yako hiyo inaisha lini?" Nikakosa la kusema.

Kafika London saa 3 asubuhi ya huku. Masaa 27! Tena tiketi imeandikwa saa 1 asubuhi, mie nikadhani ndege imechelewa, kumbe tiketi inaandika saa za pale unapotua na wenzetu kipindi cha joto wako nyuma masaa mawili (baridi matatu). Doha na sisi saa ziko sawa, hapo hamna shida.

Nyota mbili nimekata kwa hilo, wangeandika hata kimstari kimoja kwamba hayo ni masaa ya angani bila kuunganisha. Kwa kujua mji upi uko mbali kuliko upi iko vizuri, watoto wangu wanashindana nayo kila jioni.

Mama anarudi mwezi ujao, kaniambia hiyo simu niiweke pembeni nipige hesabu kwa kalamu. Nimeshaanza, mstari wa mwisho nimeandika bodaboda kutoka Kange mpaka Chumbageni.