TAHADHARI: Fundi wa kengele za moto anayekabidhi taa ya kijani na waya zisizoenda popote

Wadau, naandika hasira ikiwa bado haijashuka, mnivumilie. Tulivyohangaika baada ya ule ukaguzi wa jengo letu mnajua wenyewe, na aliyemleta huyu fundi atufungie kengele za moto mnamjua. Jina lake sitalitaja hapa kwa kuwa shauri limeshafika linakotakiwa kufika, ila kazi ya mikono yake nitaieleza mpaka atakayekutana naye amtambue.

Siku ya makabidhiano alikuja na vijana wake wamevaa ovaroli mpya, ngazi ya alumini begani, na kopo la moshi wa majaribio. Akatukusanya wote mapokezi mbele ya paneli, lile sanduku la ukutani linaloongoza kengele zote, hata mlinzi wa zamu ya usiku akaitwa aje ajifunze. Akapanda ngazi, akapuliza moshi kwenye kitambua moshi kilichokuwa juu ya vichwa vyetu. Tukasubiri kidogo, kitaa chake kikawaka chekundu, paneli ikaitika, na king'ora kikalia hadi watu wa ghorofa ya kwanza wakashuka mbio. Tukapiga makofi, jamani. Mwenyekiti akampa mkono. Kila nikikumbuka lile tabasamu lake nasikia aibu inanipanda usoni, halafu damu inachemka.

Na mimi nilimwambia twende juu tukajaribu na kule. Mashahidi wapo. Akasema, "Bosi wangu, watoto wametoka kwenye mitihani wamelala, tuwasumbue ya nini? Njoo uone hapa." Akanionyesha paneli: taa ya kijani ya umeme inawaka, taa za njano za kila ghorofa zimezimika. "Njano ndiyo hitilafu. Hii mashine inajikagua waya zake usiku na mchana. Usipoona njano, nenda kalale."

Hayo aliyosema ni kweli kabisa, na hapo ndipo aliponipatia. Mfumo wa jengo la umma hauruhusiwi kukaa kimya waya ukikatika. Viwango vya Ulaya, EN 54 sehemu ya 2, vinaitaka paneli itangaze hitilafu ndani ya sekunde 100. NFPA 72, kiwango cha Marekani cha kengele za moto, inatoa sekunde 200. Nilishayasoma hayo kabla hajakanyaga hapa.

Msiseme nilimwamini mtu wa barabarani. Huyu anaijua kazi. Alitupimia kwa hatua umbali wa kukifikia kisanduku chekundu cha kubonyeza, akasema kiwango cha Uingereza, BS 5839, hakitaki mtu atembee zaidi ya mita 45. Alitaja desibeli 65 kwa maeneo ya kawaida na 75 pale mtu anapolaza kichwa, kwa sababu sauti inayomsumbua aliye macho haimwamshi aliyelala. Kuna kitambua moshi kimoja alichowaambia vijana wake wakihamishe kwa kuwa kilikuwa karibu mno na tundu la kiyoyozi, upepo ungefukuza moshi kabla haujakifikia. Mtu anakuhamishia kifaa kwa hoja kama hiyo, utamshuku vipi? Akaacha na jalada zima: michoro ya kila ghorofa, cheti chenye muhuri, daftari la kuandikia majaribio ya kila wiki.

Aliyemuumbua ni mpaka rangi. Alikuwa akipaka dari ghorofa ya tatu, akazungusha kitambua moshi kimoja kukitoa kisichafuke, akashuka nacho mkononi kuniuliza akiweke wapi. Mimi nimesimama mapokezi, paneli iko ubavuni kwangu. Kitambua moshi kikitolewa kwenye kitako chake, njia ya umeme hukatika, na taa ya njano lazima iwake na paneli ipige kelele. Nikasubiri. Kimya. Nikamwambia apande akatoe kingine. Kimya vilevile.

Nikamwita fundi wetu wa umeme wa siku zote. Akafungua kifuniko cha paneli, akanyamaza, halafu akaniita nisogee. Kwenye vituo vya kuunganishia waya za ghorofa za juu hapakuwa na waya. Kulikuwa na virezista, vile vidude vidogo vya mistari ya rangi, miguu yake imekunjwa vizuri na kukazwa kwa skrubu, kimoja kwa kila ghorofa. Kirezista hicho mahali pake ni mwisho kabisa wa waya, kwenye kitambua moshi cha mwisho, ili paneli ipime umeme unaokwenda hadi kule na kurudi. Ukikikaza mdomoni mwa paneli, yenyewe inaona njia imetimia na kuwasha kijani chake, wakati njia yote ina urefu wa kidole. Juu ya dari tulikuta waya zimekatwa, zimeviringishwa, zimefungwa kwa utepe. Ghorofa ya mwisho kabisa ndiyo ilinimaliza: vifaa vya kule vina nafasi ya betri ya volti 9 mgongoni, tena tupu, na vimepigwa chapa EN 14604, ambacho ni kiwango cha ving'ora vya nyumba za kuishi. Kwenye jengo la watu wote hawa!

Amefanya kwa makusudi. Asiyejua hawezi kudanganya namna hii. Mwaka 1980 hoteli ya MGM Grand huko Las Vegas iliungua, moto ukawakia chini, wakafa watu 85, na wengi wao waliuawa na moshi kwenye ghorofa za juu. Yeye ametufungia chini tu, mahali pa maonyesho, na juu wanakolala watoto ameacha mapambo. Huyu si wa kurudishiwa pesa mkayamaliza kwa maneno. Afungwe. Leseni yake, kama anayo, ichanwe, na kila jengo alilosaini lifunguliwe dari kwa gharama yake. Waliomgongea muhuri nao waulizwe waligonga wakiwa wamekaa wapi. Na kuna ndugu zetu humu wanaosema tumsamehe ana familia. Sisi wa ghorofa ya tatu hatuna familia?

Dalili, kwa haraka, maana nimeulizwa sana. Cheti chake kinasema vifaa "vimeidhinishwa na NFPA". NFPA wanaandika viwango, hawaidhinishi kifaa cha mtu. Alikubali kujaribu mahali pamoja tu. Betri za akiba za paneli hakutaka tuzijaribu kwa kuzima umeme, na kwa kanuni za Uingereza zinatakiwa zibebe mfumo saa 24 na bado king'ora kiweze kulia nusu saa. Alitaka malipo yakamilike siku ileile, jua halijazama. Kuna na mengine, nitayaandika nikitulia.

Kwa sasa walinzi wetu wanapokezana kupita kila ghorofa usiku kucha na filimbi na tochi, mpaka mfumo ufungwe upya.

Kama jengo lenu limefungwa na mtu wa sifa hizi, toeni kitambua moshi kimoja ghorofa ya juu leo hii, mwingine asimame kwenye paneli. Ikinyamaza, mwiteni fundi mwingine aifungue. Mkikuta virezista vimekazwa mle ndani na waya hakuna, msiving'oe kwanza. Pigeni picha, paneli nzima ionekane pamoja na namba yake, mnitumie. Tunazikusanya zote ziwe faili moja.