Kampuni ndogo ya matangazo ya Langoni, Lamu: huduma yake, ada yake na kazi ilizozikataa

Mwenye nyumba ya wageni katika Mji wa Kale wa Lamu anayetafuta mtu wa kumtangazia vyumba vyake mtandaoni, namshauri aende kwa kampuni hii ndogo ya mtaa wa Langoni, ila kuna mambo mawili ayajue mapema, nami nitayaeleza huko mbele. Jina la kampuni silitaji kwa sababu waanzilishi wake, ambao huwakataza wateja kununua sifa mitandaoni, waliona haya kusifiwa kwa jina na mteja wao wenyewe. Hata hivyo Lamu si mji mkubwa, na atakayeuliza Langoni ataonyeshwa mlango.

Nimekuwa mteja wao tangu walipoanza, muda mfupi baada ya safari za ndege za kimataifa kufunguliwa tena nchini Kenya mnamo Agosti 2020, kwa hiyo nimeiona kampuni ikikua, ikayumba, kisha ikasimama. Waliianza mabinti wawili wa hapa hapa Lamu pamoja na kijana mpiga picha kutoka Matondoni, katika chumba cha kupanga kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Biashara ya wageni wakati huo ilikuwa imeshapigwa mara nyingi: utekaji wa wageni wa mwaka 2011, mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata, halafu korona. Wenye nyumba tulikuwa tumefika mahali pa kumpokea yeyote aliyetuahidi wageni, na si wote walikuwa watu wema. Mtangazaji tuliyekuwa naye kabla yao alifungua ukurasa wa nyumba yetu kwa jina lake na kwa nambari yake ya simu. Tulipoachana naye, aliondoka na nywila, na picha, na hata wageni waliokuwa wakituandikia humo.

Ndiyo maana jambo la kwanza lililonivuta kwa kampuni hii lilikuwa mkataba. Ni ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili kinachosomeka, unaosema kwamba ukurasa wa mtandaoni, picha na nywila zote ni mali ya mwenye nyumba, na kwamba upande wowote unaweza kuvunja makubaliano kwa ilani ya mwezi mmoja. Nywila niliandikiwa kwenye daftari langu siku hiyo hiyo. Huenda mtu wa mji mwingine akaliona hilo dogo. Aliyewahi kunyang'anywa ukurasa wake hataliona dogo.

Kazi waliyoifanya vizuri kuliko zote ni kuandika upya maelezo ya nyumba. Maelezo ya zamani yaliiita Lamu pepo iliyosahauliwa na ulimwengu, maneno ambayo ni vigumu kuyatetea katika mji uliojaa watu na uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Mmoja wa mabinti alikuja akaketi nami darini alasiri nzima, akauliza juu ya kuta za matumbawe na chokaa, juu ya boriti za dari na vidaka vya chumba cha ndani, kisha akaanza kuuliza yale ambayo mimi nisingeyataja. Ngazi ya kwenda juu ina mwinuko gani? Umeme ukikatika, feni husimama kwa muda gani? Maji ya bafu yana chumvi? Nilipoletewa rasimu nikakuta imeandikwa wazi kwamba msikiti uko karibu na adhana ya alfajiri itasikika chumbani. Kwamba punda hupita chochoroni na hulia usiku. Kwamba mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Manda atavuka kwa boti, na kutoka gatini atatembea kwa miguu huku mizigo ikibebwa na hamali, kwa kuwa hakuna gari linalofika mlangoni. Na kwamba mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba ameorodhesha sababu zote za mgeni kwenda kulala Shela, kijiji jirani. Akanijibu kwa upole, "Shangazi, mgeni atakayeyasoma haya na bado akaja, hatakuwa na la kukulalamikia." Msimu wa kaskazi wa kwanza baada ya hapo tulipata wageni wachache kuliko nilivyotarajia, na ningekuwa mwongo nikisema sikujuta. Lakini malalamiko ya adhana yalikoma kabisa, na hakuna tena aliyedai kurudishiwa pesa kwa sababu ya punda. Wapo hata wanaoandika kwamba wameichagua nyumba kwa ajili ya adhana hiyo. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpa mteja maelezo ya uongo au ya kupotosha, na sioni kwa nini nyumba ya wageni yenye vyumba vinne ijione haihusiki.

Upande wa picha wana utaratibu wao, na ni utaratibu ninaoupenda. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika ni habari zake binafsi, na hawa vijana hulichukulia jambo hilo kwa uzito ambao sijauona kwa watangazaji wengine. Mpishi wetu alisomewa karatasi ya ridhaa kwa sauti, kwa kuwa kusoma kunamchosha macho, akaelezwa picha itawekwa wapi na kwamba anaweza kuomba iondolewe wakati wowote. Akasema uso wake usionekane, ila mikono hana neno nayo. Basi wakapiga mikono: ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ameshika kifuu kwa mikono miwili, nazi inaanguka kwenye sinia kama chokaa iliyopepetwa, na hina ya harusi ya mjukuu wake haijafutika kuchani. Picha hiyo huulizwa na wageni kuliko ile ya paa linalotazama bahari, na imetufanya tuanze kuwafundisha wanaotaka kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka, jambo ambalo halikuwa katika mpango wa mtu yeyote.

Kwa msimamo huo huo hawapigi picha akina mama wa buibui wanaopita njiani, hata kwa nyuma, wala watoto wanaoruka majini pale gatini. Na Maulidi hawayauzi kama tamasha. Wageni wetu hupelekewa maelezo mafupi ya namna ya kuvaa na ya wapi pa kusimama karibu na Msikiti wa Riyadha, pamoja na siku ya mashindano ya punda, ambayo hakuna anayekatazwa kuyatazama.

Msimamo una gharama, na waliilipa. Kazi iliyoitikisa kampuni ni ya kutangaza viwanja vilivyokuwa vikiuzwa upande wa matuta ya mchanga ya Shela. Matuta hayo ndiyo yanayohifadhi maji ya mvua chini ya ardhi, na kutoka visima vya huko ndiko mji wa Lamu unakopata maji yake ya kunywa. Kujenga juu yake ni kujichimbia uhaba. Malipo waliyoahidiwa yangetosha kuendesha ofisi kwa muda mrefu, na waliyakataa. Mmoja wa mabinti hakukubaliana na uamuzi huo, akaondoka kwenda kutafuta kazi Mombasa, na kwa miezi kadhaa tuliobaki wateja tulihudumiwa na watu wawili waliochoka. Kampuni ya kamari nayo waliikataa, na hapo naamini hakuna wa kuwalaumu. Lakini walimkataa pia jirani yangu mwenye boti ya kupeleka wageni kutazama pomboo, eti kwa sababu huwafukuzia kwa mashine. Hapo naona walizidisha. Yule ni mtu mwenye kusikia. Wangemfundisha kuzima mashine na kusubiri, wangepata mteja na pomboo wangepata nafuu.

Ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi kwa nyumba ndogo, hoteli kubwa hulipa zaidi, na bei zote zimebandikwa ukutani. Hawachukui kamisheni. Tovuti kubwa za kuwekea nafasi mara nyingi hukata asilimia 15 au zaidi ya kila malipo, kwa hiyo mwenye wageni wengi wanaomwandikia moja kwa moja atapata faida kwa ada isiyobadilika. Ila hapa ndipo penye jambo la kwanza nililotaka lijulikane: ada hulipwa hata mwezi usio na mgeni. Wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, nyumba nyingi za Lamu hufungwa, na wao hupunguza ada kwa nusu lakini hawaiondoi. Asiyekuwa na akiba ya kuvuka miezi hiyo asijifunge nao.

Jambo la pili ni mwendo wao. Ni wataratibu mno. Tangazo la nafasi iliyobaki wazi ghafla, ambalo linapaswa kutoka leo, hutoka keshokutwa kwa sababu lazima lipitiwe na watu wawili. Ripoti ya kila mwezi nayo imejaa michoro ya watu waliotazama ukurasa, na mpaka leo huwa nawaomba waniandikie kwa mstari mmoja ni wangapi waliolala. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumsahau mgeni wa Kenya. Familia za Nairobi na Mombasa hujaa hapa Desemba, kwa ndege au kwa basi hadi Mokowe, ilhali maelezo ya nyumba yetu yalikuwa kwa Kiingereza na Kifaransa kwa muda mrefu kabla hayajaandikwa kwa Kiswahili, na hayo nayo ni baada ya mimi kushikilia.

Kwa sasa hupokea wateja wapya Septemba na Oktoba, kabla ya msimu wa kaskazi, na nafasi hujaa mapema. Anayekwenda achukue leseni ya biashara ya kaunti na kitambulisho chake, maana huomba kuviona kabla ya kupiga picha hata moja, na asiende Ijumaa mchana, kwani ofisi hufungwa hadi baada ya sala.