Nimesoma kitabu cha James Earl Jones, sauti ya Mufasa, ila Mufasa mwenyewe hayumo

Nianze na lawama kabisa nisije nikaonekana nimekuja kusifia tu. Kama na wewe huyu mzee, mwigizaji wa Marekani, umemjulia kwa Mufasa, yule simba mfalme wa katuni ya The Lion King, ukaona kitabu cha maisha yake kinauzwa ukasema ngoja nikakisome nijue habari za simba, basi jua simba humkuti. Kitabu kinaitwa Voices and Silences, kaandika na mama mmoja anaitwa Penelope Niven, kimetoka 1993. The Lion King imetoka 1994. Yaani kitabu kimefungwa mwaka mmoja tu kabla ya kile kitu ambacho sisi huku Bongo ndo tunamjulia! Nimelijua hilo nikiwa nishalipa, kosa langu, sikuangalia tarehe.

Nliagiza cha mtumba kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni hukohuko Marekani, dola 9, kikaenda kwa binamu yangu Houston akaja nacho kwenye begi Desemba. Maelezo yalisema kiko kwenye hali nzuri sana. Kufungua, lile kava la juu la karatasi halipo, na mwenyewe wa kwanza kapitisha kalamu ya njano kurasa kibao halafu katikati kaacha ghafla, nadhani mtihani uliisha. Sijaomba hela yangu maana kukirudisha ingekula zaidi ya dola 9. Tuachane na hayo.

Kitabu chenyewe sasa. Wengi tunaijua ile sauti, hata ukiwa chumba cha pili unajua ni yeye, besi inatoka chini kama gari la mchanga linapanda mlima. Sasa huyohuyo mtu mwenye sauti hiyo alikaa karibu miaka 8 ya utoto wake haongei. Si kwamba alikuwa mpole, haongei kabisa shuleni wala mbele ya wageni, kisa kigugumizi. Kazaliwa 1931 Arkabutla, Mississippi, baba yake Robert Earl Jones akaondoka mapema, mama naye kazi ikawa inampeleka huku na huku, akalelewa na babu na bibi upande wa mama. Alipofika kama miaka mitano wakahama wote kwenda kaskazini, Michigan, shambani, na ni kwenye kuhama huko ndo ulimi ukaanza kukwama. Akawa anaongea na wanyama wa shambani tu, hao hawacheki.

Hapa ndo kitabu kinapokushika. Mi nlikinunua kwa ajili ya muvi, nimejikuta narudia kurasa za huku shambani mara mbili mara tatu, na za maigizo nazipitia kama naangalia bili ya maji.

Kuna mwalimu anaitwa Donald Crouch, anafundisha kwenye shule ndogo ya kijijini pale Brethren. Akagundua huyu kijana asiyeongea anaandika mashairi kimyakimya. Mojawapo lilikuwa la kusifia balungi, ndio, balungi lile tunda, maana kule Michigan kipindi cha baridi matunda kama hayo yalikuwa yanaletwa kwa treni kutoka Florida na kijana alivyolionja akachanganyikiwa. Mwalimu akalisoma akasema hili zuri mno, sidhani umeandika wewe, kama ni lako simama mbele ya wenzako ulitoe kwa kichwa. Kijana akasimama. Akalitoa lote, hajakwama hata neno moja. Kuanzia hapo akaendelea na mashairi na midahalo, na mpaka uzeeni ukimuuliza nani kamtoa atakutajia Crouch kabla ya mtu yeyote wa Hollywood.

Sasa mi nina mpwa wangu, ana miaka 11, ana kigugumizi, herufi za B na K zinamtesa sana, anaweza kukaa kwenye "baba" mpaka baba mwenyewe anaitika kabla neno halijaisha. Nikamsomea hiki kipande, namtafsiria huku naenda, nikitegemea atafurahi. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Mjomba, mwalimu wangu akinifanyia hivo mimi nahama shule." Nikacheka lakini baadae nikaona mtoto ana hoja. Hii hadithi inasimuliwa kila mahali kama dawa ila ukweli Crouch alicheza kamari, kijana angekwama siku ile mbele ya darasa zima pengine tusingepata Mufasa wala nani. Kwa hiyo walimu mnaosoma hapa, msiende kesho kumsimamisha mtoto wa watu mbele eti nimesoma mahali.

Na kitu nilichokipenda, mzee mwenyewe hadanganyi kwamba alipona. Anachosema ni kwamba alijifunza kuishi nacho, akiona neno linataka kumkwamisha anachagua lingine. Ndo maana ukimsikiliza anaongea polepole vile, kila neno kama kaliweka mezani kwanza. Tulidhani ni mbwembwe kumbe ni tahadhari.

Baada ya hapo: chuo kikuu cha Michigan alianza akitaka udaktari akahamia maigizo, jeshi kidogo, halafu New York anafanya kazi ya usafi huku anasomea kuigiza. Huko ndo anamfahamu vizuri baba yake, ambaye alikuwa bondia kabla hajawa mwigizaji, na miaka ya 50 alikuwa kafungiwa kazi kwa sababu za siasa. Halafu angalia maisha yalivyo: kilichomtoa James kuwa staa ni kuigiza kama bondia, The Great White Hope, kaicheza jukwaani 1968 akapata tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya jukwaani, mwaka uliofuata, ikafanywa muvi 1970 akatajwa kwenye Oscar. Mtoto wa bondia aliyemkimbia anavaa glovu anakuwa staa. Sehemu ya baba na mtoto nlitaka iwe ndefu zaidi, naona kama wanaogopa kulichimba, ila labda ndo ustaarabu wa watu wa zamani.

Kwenye jukwaa, nisiwe muongo, nilisinzia. Kama hujawahi kuona Othello, ule mchezo wa Shakespeare, wala huzijui kumbi za New York hapo utakuwa unafungua kurasa tu, majina ni mengi na kila mtu anashukuriwa.

Wapenzi wa Star Wars nanyi punguzeni matarajio. Mwili wa Darth Vader, yule mbaya wa muvi hizo mwenye kofia nyeusi la kufunika uso, ni wa David Prowse, yeye sauti tu, 1977, kalipwa kama dola 7,000 na kwenye muvi mbili za mwanzo alikataa hata jina lake kuandikwa mwishoni, kwake alijiona ni sehemu ya vitu vya kompyuta na milio, si mwigizaji. Mpwa wangu hii ndo ilimuuma kuliko yote. "Kwa hiyo hakulivaa lile kofia?" Hakulivaa. "Hata siku moja?" Akaondoka zake.

Yaliyotokea baada ya 1993 itabidi uyatafute mwenyewe. Ya Mufasa unayajua, na kama umeangalia Coming to America ya 1988, ile ya mfalme wa Zamunda na mwanae anayeenda kutafuta mke Queens kule New York, mfalme ni yeye James, na yule mke wake mfalme ni Madge Sinclair, na ni huyohuyo Madge Sinclair kawa Sarabi, mke wa Mufasa. Mfalme na malkia walewale wamegeuka simba! Nlivyogundua nikarudi kuangalia zote mbili usiku mmoja. Na kwa pembeni tu, Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi, hayo majina ya kwetu hatubishani, ila hilo la Mufasa bado namtafuta Mswahili wa kunionyesha bibi yake alilitumia wapi.

2019 walivyoirudia The Lion King wakabadilisha waigizaji wote wa sauti isipokuwa yeye. 2022 sauti ya Vader kwenye tamthilia ya Obi-Wan Kenobi ikatengenezwa na kampuni ya Ukraine, Respeecher, kwa kompyuta, kwa ruhusa yake mwenyewe kutumia rekodi zake za zamani. Mwaka huohuo ukumbi mmoja wa Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za maigizo New York, ukapewa jina lake. Akafariki Septemba 9, 2024, ana miaka 93. Kile cha kompyuta nimekisikiliza, kimefanana kweli, ila mi naomba tu wasitengeneze na Mufasa kwa njia hiyo.

Kiingereza cha kitabu si kigumu, ukimaliza fomu four vizuri unakisoma bila kamusi, labda kwenye sehemu za jukwaa. Nakipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeitoa kwa hizo kumbi za New York, ya Mufasa siwezi kuwalaumu maana hawakuwa watabiri. Kama una mtoto mwenye kigugumizi nyumbani kinunue, ila soma mwenyewe kwanza ndo umsomee, na ile stori ya balungi mwambie mapema kwamba hakuna atakayemsimamisha.

Waliokuwa wananiomba niwaazime, kwa sasa sina. Jumapili nilienda kwa dada nikakikuta chini ya mto wa mpwa wangu, kule kwenye shairi kaweka karatasi ya pipi. Nikamuuliza unakisoma? Akasema hapana.