Uzoefu wangu: kutembezwa Mwanza mjini kwa miguu, kwa shilingi 30,000

Nimeishi Mwanza miaka kumi na moja, na mtaa wa Makoroboi nimepita mara zisizohesabika, kila mara mbio mbio: sare za watoto, ndoo, vitambaa, kisha hiace ya kurudi Buzuruga. Shemeji yangu alipokuja kutoka Tanga akataka "kuuona mji", nikajikuta sina la kumwonyesha zaidi ya mwamba wa Bismarck na sato wa kukaanga. Nikatafuta kijana wa kututembeza. Alitaja 40,000 kwa kichwa kwa saa tatu, tukashushana hadi 30,000.

Tulipatana saa mbili asubuhi, mnara wa saa. Alifika saa tatu na robo. Kuchelewa si jambo geni, ila jua la Mwanza likishaishika ile miamba, ikifika saa tano hutaki historia ya mtu yeyote.

Pale mnarani kuna kibao cha Speke, yule mpelelezi wa Kiingereza, kwamba tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa akiwa kilima cha Isamilo. Mpaka hapo sawa. Kijana akaongeza kuwa Burton, mwenzake wa safari, alikuwa naye, wamesimama bega kwa bega. Hapana. Burton alibaki Kazeh, Tabora ya leo, anaumwa, na ugomvi wao wa baadaye ulitokana na hilohilo: mmoja anadai ameona chanzo cha Nile, mwenzake anamwuliza ana ushahidi gani. Nilinyamaza kwa sababu shemeji alikuwa anafurahia.

Mtaa wa Temple ndio ulionipendeza kwa macho. Zile nyumba za Wahindi, duka chini, familia juu, baraza kwa mbele la kukinga jua na mvua. Shemeji akasema, "Mbona kama kwetu Tanga, mmeongeza mawe tu!" Hekalu la Wahindu tulilikuta limefungwa. Tungefika kwa wakati huenda tungeingia. Tuliishia kulitazama kwa nje, kijana akisema "hapa ndipo wanaposali" kana kwamba hatukuwa tumeelewa.

Halafu tukaingia kwa mafundi wa Makoroboi, na hapo pesa yangu ikarudi.

Kijana alimwamkia mzee mmoja, "Mwangaluka, baba," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akaitikiwa, tukavutiwa viti. Mzee alikuwa na kopo la maziwa ya unga na mkasi wa bati. Alikata kipande, akakizungushia msumari mnene mpaka kikawa kimrija, akakichomeka kwenye mfuniko, akapiga lehemu. Hakupima popote. Mkono wake wa kushoto una kovu kwenye kila kidole. Akatuambia makoroboi siku hizi wanayaulizia wachache, taa za sola zimeyamaliza. Kinachomlisha ni majiko ya mkaa. Jina la mtaa limebaki, bidhaa yenyewe inaondoka.

Shemeji akauliza, "Utambi unatengeneza na nini, mzee wangu?"

"Pamba." Akacheka. "Hapa kila kitu ni pamba, mwanangu."

Akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akibeba pamba hadi kwa mnunuzi, na mzigo uliomvunja mgongo njiani ukifika kwenye mizani unakuwa mwepesi kama manyoya. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakikosa tangu asubuhi. Wajerumani waliweka kituo hapa mwaka 1892, na baadaye wakaanza kuifukuzia pamba. Wafanyabiashara wa Kihindi wakanunua pamba, wakaichambua, wakajenga zile nyumba tulizokuwa tunazipiga picha. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Malalamiko ya Wasukuma kuhusu mizani ndiyo yaliyozaa ushirika wa kina Paul Bomani, ambao mwaka 1955 ukawa Shirikisho la Victoria. Hata timu yetu inaitwa Pamba! Na kijana wetu, saa mbili nzima, neno hilo halikumtoka mdomoni. Alituonyesha maduka bila kutuambia yalijengwa kwa jasho la nani.

Kilima cha Robert Koch tulikipanda mwisho, magoti yakilia. Koch ni yule daktari wa Nobel ya 1905, aliyekuja kufanyia utafiti malale kwenye visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa ziwa hilihili, miaka ya 1906 na 1907. Ziwa linaonekana vizuri kutoka juu. Basi.

Ningelipa tena? Ndiyo, kijana anajua watu na watu wanamjua, na hilo huwezi kulipata ukizunguka peke yako. Lakini nitadai tuanze saa moja, tuanzie kwa fundi, na kwenye hela yangu fundi awe na fungu lake. Alitupa karibu nusu saa ya kazi yake, na katika ile 60,000 yetu hakuonja hata mia. Tulinunua makoroboi mawili ili tusiondoke kavu. "Wabeja," yaani asante, akatuambia, kisha akarudi kwenye kopo lake.

Umeme ulipokatika Jumanne nikaliwasha la kwangu, kwa mbwembwe zote. Watoto wakasema linanuka, wakawasha tochi ya simu.