CourtListener kwa wakili wa Nairobi: kesi za Marekani bila kulipa

Anayeandaa hoja za maandishi za mahakama za Milimani na kutaka kuegemea hukumu ya Marekani halazimiki kulipia hifadhidata za sheria kama Westlaw au Lexis ndipo aisome. CourtListener, tovuti ya shirika lisilo la faida liitwalo Free Law Project, inatoa hukumu kamili bure, wala kujisajili si sharti. Kwa kuipata hukumu na kuisoma, inastahili alama zote. Kwa kujua kama hukumu hiyo ingali hai, yaani haijatenguliwa, peke yake haitoshi, na hapo ndipo mawakili huumbuka.

Njia ya haraka ni kuandika namba jinsi Wamarekani wanavyoinukuu. Katika 467 U.S. 837, namba ya kwanza ni juzuu, U.S. ni ripoti za Mahakama ya Juu yao, na ya mwisho ni ukurasa hukumu inapoanzia. Itafunguka kesi ya Chevron ya 1984. Huna namba? Funga maneno ndani ya alama za kunukuu. Ukitaka maneno mawili yakaribiane tu, ongeza alama ya ~ na idadi, mfano "warrant vehicle"~10. Ndani ya maandishi utakuta nyota yenye namba, kama *843. Hapo ndipo ukurasa wa kitabu unapoanza. Unukuu huo, kwa sababu jaji anataka ukurasa, si jina la kesi pekee.

Kichujio cha mahakama ndicho huwapoteza wengi. Marekani ina mahakama za shirikisho na za majimbo 50, na tangu Erie Railroad v. Tompkins ya 1938 hakuna tena komon lo (sheria itokanayo na hukumu za majaji) ya jumla ya shirikisho. Mikataba na madai ya uzembe ni mambo ya majimbo, kwa hiyo anayetafuta kanuni ya uzembe kwenye Mahakama ya Juu ya shirikisho anachota maji kwa pakacha. Chagua jimbo. Ukichagua New York, angalia: huko "Supreme Court" ni mahakama ya kusikiliza kesi mara ya kwanza, na ya juu kabisa huitwa "Court of Appeals". Ndiyo iliyotoa MacPherson v. Buick, 217 N.Y. 382, kesi ya uzembe wa mtengenezaji wa gari, mwaka 1916, kwa kalamu ya Jaji Cardozo. Lord Atkin, jaji wa Uingereza, aliirejelea kwa kuikubali katika Donoghue v Stevenson ya 1932, ambayo kila mwanafunzi wa sheria Parklands anaifahamu. Kuzisoma mbili hizo pamoja ni somo zuri kuliko muhtasari wowote wa mtihani.

Hata hivyo kifungu cha 3 cha Judicature Act ya Kenya kinatuelekeza Uingereza, si Marekani. Hukumu ya Marekani hapa hushawishi tu, haifungi. Maliza kwanza kesi zetu kwenye tovuti ya Kenya Law, kisha ndipo uvuke bahari.

Sasa udhaifu. Kwa miaka 40 Chevron ilizitaka mahakama ziheshimu tafsiri ya idara ya serikali pale sheria inapokuwa na utata, mradi tafsiri hiyo ina mantiki. Tarehe 28 Juni 2024, hukumu ya Mahakama ya Juu katika Loper Bright v. Raimondo iliitengua. CourtListener haina bendera nyekundu ya kuonya kwamba hukumu imetenguliwa, kama ya KeyCite ya Westlaw, hivyo kazi hiyo ni yako: fungua orodha ya "Cited By" (kesi zilizoitaja baadaye), anza na kesi mpya zaidi, tanguliza Mahakama ya Juu, kisha tafuta jina la kesi pamoja na neno "overruled". Isome hiyo iliyotengua pia. Loper Bright yenyewe ilisema maamuzi ya zamani yaliyojengwa juu ya Chevron hayajafutwa kwa sababu hiyo pekee. Tatizo hili ni la kale: mwaka 1873 Frank Shepard alianza kuuza vikaratasi vya gundi vya kubandika kando ya hukumu, kuonyesha kesi zilizoitaja baadaye.

Hukumu za zamani nyingi zilitokana na vitabu vya maktaba ya Harvard vilivyopigwa skani, hivyo herufi hukosewa. Linganisha nukuu na PDF kabla ya kuiweka kwenye hoja.

Ukihitaji nyaraka za kesi, mfano hati ya madai ya kuigia muundo, tafuta kwanza humo humo katika RECAP, hifadhi ya bure ya nyaraka ambazo watumiaji wamezinunua kutoka PACER. PACER, mfumo rasmi wa mahakama za shirikisho, hutoza senti 10 za dola kwa ukurasa, na nyaraka nyingi hazizidi dola 3 kila moja. Matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo mwaka husamehewa. Ukilazimika kununua, weka kiendelezi cha RECAP kwenye kivinjari kabla ya kupakua, ili nakala yako iingie hifadhini na anayefuata aipate bure.